MTIHANI WA FASIHI: USIHADITHIE, CHAMBUA!

Wadogo zangu mnaojiandaa na mtihani wa Kiswahili, leo nawapa kosa langu mwenyewe ili nyie msilirudie.

Skuli nilikijua Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi (1999) mwanzo mpaka mwisho. Kwenye jaribio nikajaza kurasa nne, alama nilizopata aibu tupu! Kumbe swali liliuliza dhamira, mie nikahadithia nani kaenda wapi.

Uchambuzi ni mambo matatu: hoja, ushahidi, maelezo. Tuchukue mfano.
Hoja: ndoa ya kulazimishwa haidumu.
Ushahidi: Yasmini anaozwa bado kigori kwa Bwana Raza, mtu mzima kwake kwa mbali, mwisho anamkimbia.
Maelezo: mwandishi anaonesha kuwa binti asipoulizwa anataka nini, nyumba haisimami.
Ukikosa hilo la tatu, umehadithia tu. Na mliotazama filamu yake ya 2021 peke yake, angalieni, filamu si kitabu!

Ufahamu nao una mtego wake. Soma maswali kwanza, kisha kifungu mara mbili, halafu jibu kwa maneno yako ila kwa yaliyomo kwenye kifungu tu. Kifungu kikizungumzia karafuu, na wewe umekulia mikarafuuni, usijibu unavyojua wewe. Jibu kilichoandikwa.

Haya wadau, nyie mlikwama wapi? Semeni, wadogo zetu wafaidike.