Bunge na Asasi za Kiraia: Mfano wa Mrabaha wa Dhahabu

Sheria hutungwa na Bunge, lakini ushahidi wa hali halisi hutoka kwa wananchi. Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), Baraza la Maaskofu Katoliki na BAKWATA walitoa ripoti ya pamoja iliyoonesha kuwa Taifa lilikuwa likinufaika kidogo na dhahabu yake. Kamati ya Jaji Bomani, iliyojumuisha wabunge, nayo ilishauri mabadiliko. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini, na mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, kamati ya Bunge huita wadau kutoa maoni. Hapo ndipo mahali petu. Kamati za sharika zikusanye takwimu mapema. Malalamiko yasiyo na ushahidi hayabadilishi kifungu.