Arosto ya Kwenye Sinema

Kwa zaidi ya miaka 20 kanuni za Hollywood zilikataza hadithi za dawa za kulevya. Mwaka 1955 Otto Preminger alizipuuza. Katika filamu yake The Man with the Golden Arm, Frank Sinatra ni Frankie, mgawa karata wa Chicago aliyerudi nyumbani akiwa ameacha dawa za kulevya, kisha akaziangukia tena. Filamu ilinyimwa kibali, kampuni ya United Artists ikaionyesha hivyo hivyo, na mwaka uliofuata kanuni zikalegezwa.

Filamu hiyo ilifungua mlango, lakini pia ilituachia picha moja ambayo sisi tunaotibu waraibu bado tunahangaika nayo. Frankie anafungiwa chumbani na mwanamke anayempenda. Anatetemeka, anapiga mlango, anaomba afunguliwe. Baada ya dakika chache za filamu, arosto, yaani mateso ya kuacha dawa, imekwisha na mtu amepona. Kwenye riwaya ya Nelson Algren ya 1949, iliyozaa filamu hiyo, Frankie haponi, anajiua. Mwaka 1996 filamu ya Trainspotting nayo ilimfungia kijana wake chumbani, safari hii wazazi ndio wenye ufunguo.

Mateso yenyewe hayajatiwa chumvi. Saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho ya heroini, mtu anapiga miayo, macho na pua vinachuruzika, tumbo linasokota, anaharisha, mifupa inauma, usingizi haupo. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, kisha hali hutulia taratibu ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. (Pombe ni habari nyingine: mlevi sugu akiikatisha ghafla bila daktari anaweza kufa.)

Hatari kubwa ya heroini inakuja baadaye, pale ambapo filamu imeshakata. Mwili uliopumzika hupoteza ustahimilivu wake haraka, lakini hamu inabaki. Kijana anatoka chumbani, uso umerudi na nuru, nyumba nzima inashukuru. Siku akiteleza, anachukua kipimo kile kile alichokizoea, na kwa mwili wake wa sasa kipimo hicho kinatosha kumzimisha pumzi. Familia nyingi za Pwani zimewahi kumfungia kijana wao hivi, kwa mapenzi kabisa, na hakuna aliyewaambia kwamba wiki zinazofuata ndizo za kumwangalia zaidi.

Tamthilia iliyolielewa jambo hili ni The Wire, ya David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari za uhalifu Baltimore, na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa polisi kisha mwalimu. Ilirushwa kuanzia 2002 hadi 2008. Teja wake, Bubbles, anajaribu kuacha, anaanguka, anajaribu tena. Katika msimu wa mwisho hatumii tena, anaishi kwenye chumba cha chini cha nyumba ya dada yake, na dada bado anamfungia mlango wa juu asije akaiba. Naona hapo kuna ukweli zaidi kuliko kelele zote za Sinatra, maana imani ya nduguze teja hurudi polepole kuliko afya yake. Mlezi wake katika safari hiyo anaigizwa na mwanamuziki Steve Earle, ambaye mwenyewe alitoka kwenye heroini.

Nje ya sinema, hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2011 kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto na hamu ya heroini. Mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka kwenda kutafuta riziki. Wengine huihitaji kwa miaka. Mama anapouliza mwanawe atamaliza lini, mwezi huu au ujao, tunamwambia ukweli: hatuna haraka naye, na akikosa kuja siku mbili tupigie simu mapema.