Jeni Inayochelewesha Utu Uzima wa Damu

Sehemu ya Pili

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi badiliko la herufi moja tu kwenye jeni ya himoglobini linavyozipinda chembe nyekundu za damu zikawa kama mundu na kuleta ugonjwa wa selimundu. Tuliacha swali moja bila jibu, nalo ni lile ambalo mama yeyote wa Mowlem, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, mwenye mtoto wa selimundu angemuuliza muuguzi: mbona mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa, kisha alipokaribia miezi sita ndipo vidole vikavimba na macho yakawa manjano?

Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto mjini New York, aliona kwamba chembe za watoto wachanga hazipindiki kwa wepesi kama za watu wazima. Akakisia kuwa wanakingwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni, himoglobini ya kijusi. Alikisia sawa. Mtoto anapozaliwa, sehemu kubwa ya himoglobini yake huwa ni hiyo. Miezi inavyokwenda hupungua, na kwa watu wazima walio wengi hubaki chini ya asilimia 2. Kinga inapoondoka, ugonjwa unajitokeza.

Basi ni nani anayeizima himoglobini ya kijusi? Mwaka 2008 watafiti wa Boston walimtambua mzimaji mkuu: protini iitwayo BCL11A, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 2. Lakini hapo likazuka fumbo. Chembe changa za damu za kijusi zina RNA ya BCL11A kama zilivyo za mtu mzima, ila protini yenyewe ni haba. Maagizo yapo, kazi haifanyiki.

Anayeishi Mowlem hahitaji kwenda mbali kulielewa hili, maana ghorofa hazikomi kupanda. Ramani halisi ya jengo hukaa ofisini. Fundi hupewa nakala. DNA ndiyo ramani, RNA ndiyo nakala, na fundi ni ribosomu, inayosoma RNA na kuunda protini. Sasa mfikirie msimamizi wa mjengo aliyeishika nakala mkononi na kumwambia fundi: ngoja kwanza. Msimamizi huyo ni LIN28B, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 6. Protini yake ni miongoni mwa zile zinazojishikiza kwenye RNA. Mwaka 2020 kundi la Vijay Sankaran, Boston, lilionyesha kwamba LIN28B huishika RNA ya BCL11A na kuzuia isisomwe. Kijusi kina LIN28B nyingi; mtu mzima karibu hana kabisa kwenye chembe zake za damu. Inapopungua, BCL11A huundwa, nayo huizima himoglobini ya kijusi.

Habari ya ukoo wa jeni hii haikuanzia kwa binadamu wala kwenye damu. Ndugu yake, lin-28, alielezwa mwaka 1984 na Victor Ambros na Robert Horvitz kwenye mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans. Mnyoo ambaye lin-28 yake imeharibika huruka hatua za utoto akakomaa kabla ya wakati. Baadaye ikajulikana kwamba protini za ukoo huu hukizuia pia kipande kidogo cha RNA kiitwacho let-7 kisikamilike, na let-7 ndiyo inayozihimiza seli zikomae. (Ambros na Gary Ruvkun walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2024 kwa kugundua RNA ndogo za aina hiyo.) Katika damu, hata hivyo, utafiti wa 2020 ulionyesha kuwa LIN28B huishika RNA ya BCL11A yenyewe, bila kuitegemea let-7.

Kazi zake nyingine zina sura ileile ya kuamua wakati. Mwaka 2009 tafiti kadhaa zilihusisha tofauti ndogo karibu na jeni hii na umri wa msichana kuvunja ungo. Na inapoamka pasipo wakati wake huwa hatari: imeonekana kwa wingi katika saratani ya ini, na katika nyuroblastoma, saratani ya watoto wadogo. Kwa hiyo anayesema tuiwashe tu LIN28B kwa wagonjwa wa selimundu amesahau nusu ya habari. Wanasayansi waliolenga BCL11A walichagua vyema. Tiba ya kuhariri jeni ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, humdhoofisha mzimaji huyo ndani ya seli za uboho. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa familia ya Eastlands, hiyo ni habari ya gazetini tu.

Iliyo karibu nasi ni dawa iitwayo haidroksiurea. Hailengi LIN28B, lakini huongeza himoglobini ya kijusi. Jaribio la dawa hiyo, liitwalo REACH, lilifanyika Kilifi hapa Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Matokeo yakatoka 2019. Watoto 606 waliitumia: maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria pia kwa nusu, na vifo vikashuka hadi karibu theluthi moja. Lakini si dawa ya kununua dukani na kujimezea, maana damu lazima ipimwe mara kwa mara.

Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikuta chembe ya mundu imeenea pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu. Nairobi ni nyanda za juu, ila wakazi wengi wa Mowlem asili yao ni Siaya, Kisumu, Busia au Kakamega. Jeni husafiri na wenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu ni huko au Pwani na una mtoto mchanga, omba apimwe aina ya himoglobini kabla hajafika miezi sita, wakati akiba ya himoglobini ya kijusi aliyoachiwa na LIN28B ingali ipo. Usingoje vidole vivimbe. Sehemu ya tatu itaeleza penisilini na chanjo ambazo mtoto huyo anapaswa kuanzishiwa mapema.