Unywele mmoja hautoshi kumtambulisha mhalifu

MHALIFU anaweza kuvaa glavu ili asiache alama za vidole, lakini ni vigumu kwake kuzuia unywele kudondoka au nyuzi za nguo zake kunasa kwenye kiti. Ndiyo maana wachunguzi wa jinai huviokota vitu hivi vidogo na kuvipeleka maabara.

Huko, unywele hutazamwa kwa hadubini. Mtaalamu huchunguza magamba ya nje, tabaka la kati lenye chembe za rangi, na kiini kinachopita ndani yake. Kiini ndicho kinachosaidia sana kutofautisha binadamu na mnyama. Kwa binadamu huwa chembamba, kwa kawaida chini ya thuluthi moja ya upana wa unywele, na pengine hakipo kabisa. Kwa wanyama wengi huwa kipana. Mzizi nao huweza kuonyesha iwapo unywele uling'olewa kwa nguvu au ulidondoka wenyewe.

Nyuzi pia zina sura zake. Pamba huonekana kama utepe uliopindika, sufu ina magamba kwa kuwa ni manyoya ya kondoo, ilhali nailoni mara nyingi huwa laini kama kijiti cha kioo. Ili kulinganisha, mtaalamu hutumia hadubini mbili zilizounganishwa, akaona kwa pamoja uzi uliookotwa na ule wa nguo ya mshukiwa.

Je, vikifanana? Hapo ndipo panapohitaji tahadhari. Nguo za aina moja hutengenezwa kwa maelfu kiwandani. Nywele za kichwa kimoja hutofautiana, na za watu wawili zaweza kufanana. Hivyo, hadubini inaweza kumwondolea mtu shaka pale tofauti zinapokuwa wazi, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba unywele huu ni wa fulani pekee.

Kusahau mpaka huo kulimponza Santae Tribble wa Washington, Marekani. Mnamo 1980 alipatikana na hatia ya kumuua dereva wa teksi, baada ya mtaalamu wa shirika la upelelezi la FBI kueleza mahakama kuwa unywele uliokuwa ndani ya soksi iliyotumiwa kuficha uso ulifanana na wake. Alifungwa zaidi ya miaka 20. Mnamo 2012, uchunguzi wa DNA ulionyesha kuwa hakuna hata unywele mmoja kati ya 13 uliokuwa wake. Mmoja ulikuwa wa mbwa. Mwaka huo mahakama ilimtangaza kuwa hana hatia.

Hakuwa peke yake. Mnamo 2015, FBI ilikiri kwamba kati ya kesi 268 za zamani zilizokaguliwa, ambapo nywele zilitumiwa dhidi ya washtakiwa, wataalamu wake walitoa kauli zenye makosa katika 257. Hii haimaanishi wote walifungwa bure, bali kwamba mahakama zilielezwa zaidi ya yale sayansi iliyaona.

Hadubini haijatupwa. Bado hutumiwa kuchuja nywele zinazofaa kupimwa DNA. Hata hivyo, shahidi anapotamka kortini kwamba unywele "unafanana" na wa mshtakiwa, yafaa aulizwe mara moja: ni watu wangapi wengine wenye nywele kama hizo?