Kichwa cha Tatu Kwenye Rafu

Ukiingia duka la vipodozi la kawaida huku Eastlands, kuanzia Kayole hadi Jericho, utadhani binadamu ana kichwa cha aina mbili tu. Rafu moja ni ya kipilipili: dawa za kunyoosha, mafuta mazito ya kopo, jeli za kulaza nywele za kipajini. Ya pili ni ya singa, na hiyo nayo kwa kweli ni ya kutunzia wigi. Mwenye nywele za katikati, zinazojikunja mawimbi mawimbi na kuwa timtim manyunyu yakizigusa, husimama hapo kati kama abiria aliyeshushwa steji isiyo yake.

Mpwa wangu ni wa kichwa hicho cha tatu. Mama yake ni Mborana wa Marsabit, baba yake ni kaka yangu, na wao wanaishi Eastleigh, ambako wasichana wa nywele kama zake ni wengi kuliko mtaa wowote mwingine wa Nairobi. Mwezi Juni, baridi na manyunyu yamekolea, akanipigia simu. "Aunti, naomba elfu nne mia tano. Nataka kufanyiwa keratini kabla ya siku ya kufuzu." Nikamwambia asubiri nipige hesabu. Bei ninazotaja hapa ni nilizoulizia mwenyewe kwenye saluni na maduka ya mtaani. Kwenu zinaweza kupungua au kuongezeka kidogo.

Kabla ya pesa, tuuangalie unywele wenyewe. Umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama mabati ya paa. Yakilala, unang'aa. Yakiinuka, unyevu wa hewani unapenya, unywele unavimba, na kila mmoja unashika njia yake. Umbo lake nalo linashikiliwa hasa na vifungo vya aina mbili. Kuna vile dhaifu vya haidrojeni, vinavyofunguka kwa maji au joto na kujifunga tena. Na kuna vile imara vya salfa, ambavyo havifunguki mpaka vikutane na kemikali kali. Ukijua huduma unayouziwa inagusa vifungo vipi, utajua itadumu siku ngapi.

Draya, kwa mfano, inagusa vile dhaifu tu. Msusi wa Umoja alinitajia shilingi 150 kwa kuosha na kunyoosha kwa draya. Ukienda kila wiki, mwaka unakwisha ukiwa umetumia 7,800. Nywele zinatoka saluni zimelala kama za mwanamke wa kwenye tangazo, halafu unatembea kutoka hapo hadi stejini katika ukungu wa Julai, na ukifika mjini mawimbi yamerudi yakiwa na hasira. Kati ya Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, mtindo huo huweza kufika Ijumaa. Msimu wa mvua unanunua saa chache tu.

Kujifanyia nyumbani kunapunguza gharama, ingawa stima nayo haigawiwi bure. Draya ya wati 2,000 ikifanya kazi dakika 20 inakula karibu theluthi mbili za uniti. Ukikadiria uniti moja kwa shilingi 28 pamoja na kodi, hizo ni kama shilingi 19 kila mara. Mwenye bedsita ya Pipeline anayetumia mita moja na majirani anajua kwamba gharama halisi ni maneno ya jirani. Pasi ya nywele ndiyo ya kuogopa zaidi. Nyingi zinafika nyuzi joto 230, na nywele za mawimbi hazihitaji kuvuka 180. Ukizichoma kwa moto huo mara kwa mara, sehemu iliyoungua haitajikunja tena hata uioshe vipi. Utabaki na kichwa chenye mawimbi juu na ufagio chini, na tiba yake ni mkasi.

Dawa ya kunyoosha ndiyo inayovunja vile vifungo imara. Iwe ya sodiamu haidroksaidi au ile ya kuchanganya makopo mawili inayoandikwa kwamba haina magadi, ukali wake kwa kipimo cha pH hufika 12 na kuendelea, wakati kichwa chenyewe hupenda kitu cha karibu 5. Kwenye kipilipili ngumu, dawa hufanya kazi iliyotengenezewa. Kwenye mawimbi ni kuua nzi kwa rungu: nywele hulala bapa, zinakatika, na mizizi mipya ikichomoza baada ya wiki nane unaitwa tena saluni. Shilingi 600 mara sita kwa mwaka ni 3,600, na juu yake kuosha na kuseti kwa 200 kila wiki mbili, 5,200. Jumla ni 8,800, na hukuwa na haja nayo.

Sasa keratini, iliyoleta ugomvi wote huu. Jina ni la kupotosha kidogo, kwa sababu keratini ni protini ambayo unywele tayari umeumbwa nayo. Kinacholaza nywele kwa miezi mitatu ni kemikali inayozifunga upya zikiwa zimenyooshwa kwa pasi ya moto, na kwa miaka mingi kemikali hiyo imekuwa fomaldehaidi au ndugu zake. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani mwaka 2004. Mwaka 2010 wakaguzi wa usalama kazini wa jimbo la Oregon, Marekani, walipima bidhaa ya aina hii iliyoandikwa kwamba haina fomaldehaidi, wakaikuta imejaa. Baadaye kampuni nyingi zikahamia asidi ya glaioksiliki, nayo imehusishwa na figo kushindwa kufanya kazi ghafla kwa baadhi ya wateja.

Niliwahi kukaa kwenye kiti cha saluni moja ambayo sitaitaja, nikiwa nimehakikishiwa kwamba dawa ni "ya asili kabisa". Pasi ilipogusa nywele, mvuke ukapanda, macho yakaniwasha, na msusi mwenyewe akasogea dirishani kukohoa. Mimi nilikuwa pale saa mbili. Yeye anashinda humo siku sita kwa wiki.

Kuna pia utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2022, uliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walikuwa na uwezekano zaidi ya maradufu wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi: kwa makadirio ya kufikia umri wa miaka 70, asilimia 4.05, dhidi ya asilimia 1.64 kwa wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba dawa ndiyo chanzo. Mimi lakini si hakimu mahakamani, ni shangazi mwenye mkoba, na kwangu ushahidi huo unatosha kuufunga. Tena 4,500 mara nne kwa mwaka ni 18,000. Kuna bedsita za miezi mitatu ndani ya pesa hizo.

Inabaki njia ambayo saluni haina sababu ya kukuambia: kutozinyoosha kabisa, ila kuyalaza magamba ili mawimbi yashikamane. Kazi hiyo ni ya kondishena, tone la seramu na jeli nyepesi. Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kondishena ya mililita 400 ni shilingi 320. Ukitumia mililita 40 kwa kila kuosha, mara moja kwa wiki, chupa tano zinakaribia kumaliza mwaka: 1,600. Seramu yenye silikoni, mililita 60, ni 350. Kwa nusu mililita kila mara ina matumizi 120, kama shilingi tatu kwa mara moja, na hakuna kitu kingine dukani kinachokupa ulaini kwa bei hiyo. Jeli mbili kwa mwaka, 500. Shampuu tatu, 900. Kitambaa cha satini cha kulalia, 150. Jumla 3,500.

Wengi husimama hapo wakidhani wamemaliza, wakati maji bado. Mgao wa maji Nairobi si habari mpya, na anayeishi ghorofa ya tano Innercore anajua mtungi wa lita 20 unafika mlangoni kwake kwa bei ya aliyeubeba. Kuosha na kusuuza vizuri kunataka kama lita 10. Mtungi ukiwa shilingi 20, ni 520 kwa mwaka. Ukipanda hadi 50, ni 1,300. Kwa hiyo mwaka mzima utatumia kati ya 4,020 na 4,800, na ni busara kununua kondishena ile inayosuuzika haraka hata kama imezidi bei kidogo. Maji ya kisima nayo, yale tunayoyaita ya chumvi, huacha nywele na ukakasi na utelezi wa sabuni usioisha. Ndimu nusu iliyokamuliwa kwenye lita moja ya maji ya mwisho husaidia, kwa sababu asidi hulaza magamba. Kwa sababu hiyohiyo usioshee sabuni ya kipande: pH yake ni 9 au 10, nayo inayainua yote.

Kosa linalokula pesa nyingi kuliko yote huku kwetu ni mafuta. Mtu akiona nywele timtim anasema zimekauka, anapaka. Mafuta hayaleti maji. Yanaziba tu kilichopo, kwa hiyo yakipakwa juu ya unywele mkavu yanaufungia ukavu wake ndani. Kopo la mafuta mazito ya parafini kwenye mawimbi huyavuta chini kwa saa mbili, kisha vumbi la Outering linamalizia. Matone machache ya mafuta ya nazi juu ya nywele mbichi yanatosha.

Mpwa wangu aliniongoza mwenyewe hadi First Avenue, Eastleigh, na hapo nilikuta rafu ya kichwa cha tatu: hina, mafuta ya nazi na ya amla kutoka India, na unga wa kijani wa qasil unaopimwa kwa mifuko midogo. Qasil ni majani ya mti wa jamii ya mkunazi yaliyosagwa, na wazee wa Pwani hawatashangaa, maana majani ya mkunazi wameoshea tangu zamani. Yana povu la asili na husafisha vizuri. Kulainisha hayalainishi, hilo nalisema wazi: yanachukua nafasi ya shampuu, si ya kondishena. Na ukiuziwa hina inayotia weusi wa kaniki kwa nusu saa, iache. Hina halisi ni nyekundu. Ile nyeusi mara nyingi ina rangi ya kemikali inayoweza kuivimbisha ngozi.

Kuhusu bidhaa za hapa na za nje, sioni sababu ya kuabudu chupa iliyopanda ndege. Nice & Lovely ilizaliwa Nairobi, na L'Oréal ya Ufaransa ikaona inafaa kuinunua mwaka 2013. Movit inatoka Uganda. Marini Naturals ni ya Kenya, ilianzishwa 2015 kwa ajili ya nywele zisizotiwa dawa. Zinazonipa wasiwasi ni chupa za majina makubwa kwa nusu bei. Angalia alama ya KEBS, na kwa bidhaa ya nje ile stika ya uagizaji, kisha tuma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023.

Na anzia kadogo. Sasheti ya mililita 25 kwa shilingi 30 ni ghali ukipima, shilingi 1.20 kwa mililita dhidi ya senti 80 za chupa. Lakini ikizikataa nywele zako umepoteza 30, si 320. Mpwa wangu alijaribu sasheti mbili, ya pili ikamkubali. Tukanunua chupa yake, seramu na jeli. Akazipaka nywele zikiwa bado zinadondosha maji, akazikamua kwa fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo, akaziacha zikauke bila kuzishika. Siku ya kufuzu kulinyesha manyunyu, na mawimbi yakakaa hadi picha ya mwisho.

Nilikuwa nimempa zile 4,500 zote kabla hatujaenda dukani. Matumizi yalikuwa 980. Chenji sijaiona hadi leo.