Waya Mkuukuu wa Nguzoni: Hatari Isiyozimwa na Swichi Kuu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala lishe ya watoto. Tutazungumza juu ya waya. Huenda mkauliza, uuguzi na umeme vinahusianaje? Sisi tunaowapokea watu waliopigwa na umeme tunajua kwamba si mafundi tu wanaoletwa. Huletwa pia mama aliyekuwa akianika nguo, mtoto aliyefungua friji kwa mikono yenye maji, na baba aliyepanda kuziba bati linalovuja.

Hivi karibuni tulifika Wingwi, Wilaya ya Micheweni, Kaskazini Pemba, kumtembelea mwenzetu aliyestaafu uuguzi. Siku hiyo jirani yake alikuwa akiwekewa waya mpya wa umeme kutoka nguzoni hadi nyumbani. Mama mwenye nyumba alipoambiwa sisi ni wauguzi, alitukaribisha barazani, kisha akatufungulia kiganja cha mkono wake wa kulia. Kovu lilikikata kiganja kizima, na vidole viwili havikunyooka.

"Hii ni kamba ya kuanikia, dada zangu," alisema.

Kamba yake ilikuwa ni waya wa chuma, uliofungwa kwenye msumari wa bati upande mmoja na kwenye mti upande wa pili. Kwa wiki kadhaa kila akiigusa alihisi kutekenywa. "Nikidhani sisimizi," alituambia. Alimweleza mumewe, nao wakakubaliana kumwita fundi wakishauza mwani. Asubuhi moja, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, alitoka uani pekupeku na khanga mbichi mikononi. Safari hii kamba haikumtekenya. Ilimkamata.

Mtoto wake wa kiume alikimbilia ukumbini akazima swichi kuu. Redio ikanyamaza, lakini mama bado alikuwa ameng'ang'ania waya. Ndipo kijana alipochukua mchi mkavu wa kinu, akasimama juu ya ubao, akaupiga waya mpaka ukang'oka msumarini. Mama alianguka, akapelekwa hospitali, na kwa rehema ya Mungu alipona. Kijana mwenyewe alituuliza swali ambalo limekuwa likimsumbua tangu siku ile: "Mimi nilizima. Kwa nini umeme haukuzimika?"

Swali hilo ndilo somo letu la mwezi huu.

SWICHI KUU INAZIMA NINI?

Umeme unaingia nyumbani kwa mpango huu: kwanza nguzo, kisha waya wa kutoka nguzoni, kisha mita, kisha swichi kuu, na mwisho nyaya za ndani. Ukizima swichi kuu, unazima vile vilivyo baada yake tu. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita unabaki na moto usiku na mchana. Hata uniti za mita ya TUKUZA zikiisha na nyumba ikawa giza, waya ule wa juu bado unaweza kuua.

Katika nyumba ile waya wa zamani ulipita ukingoni mwa paa. Kila upepo ulipovuma, waya ulisugua bati. Mwaka baada ya mwaka ganda lake la plastiki lililika, mpaka shaba ikagusa bati. Bati likawa na moto, msumari ukawa na moto, na kamba ya nguo ikawa na moto. Hakuna swichi yoyote ndani ya nyumba ambayo ingeweza kuuzima.

KWA NINI NYAYA ZA ZAMANI HAZITOSHI TENA?

Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, karibu na Chake Chake. Umeme ulikuwa haba na ulikatika mara kwa mara. Nyumba nyingi za vijijini zilizopata umeme wakati huo zilikuwa na taa mbili tatu na redio. Mwaka 2010 ilizinduliwa kebo ya kupita chini ya bahari kutoka Tanga, ya kilovolti 33, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na Norwe. Umeme ukawa mwingi zaidi, na watu wakanunua friji, friza za barafu na samaki, pasi, feni na pampu za maji.

Vitu vilibadilika, lakini katika nyumba nyingi waya ulibaki ule ule. Pasi moja ya wati 1,000 hutumia zaidi ya ampea 4. Ongeza friza na birika la umeme, na waya uliowekwa kwa ajili ya taa utapata joto. Waya ukipata joto mara nyingi, ganda lake hukauka na kupasuka kama ngozi ya kisigino.

Pwani kuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huleta chumvi kwenye viungo vya waya. Pale ambapo shaba imeunganishwa na alumini bila kiungo maalumu, kutu huja upesi, kiungo hulegea, na cheche huanza.

UMEME UNAFANYA NINI MWILINI?

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi fulani. Ngozi iliyolowa huuachia njia, na robo ya ampea inaweza kupita mwilini. Hicho si kidogo. Sehemu moja tu ya mia ya ampea inatosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu asiweze kuachia. Ndiyo maana yule mama hakuiachia kamba, ingawa alitaka. Sehemu tano hadi kumi za mia zikipita kifuani kwa muda wa kama sekunde moja, moyo huweza kuacha kupiga na kuanza kutetemeka tu. Moyo unaotetemeka hausukumi damu.

Baadhi yetu hudhani kwamba fyuzi itatuokoa. Fyuzi ya ampea 30 haikatiki mpaka zipite ampea zaidi ya 30, na mtu hufa kwa robo ya ampea moja. Fyuzi inalinda waya usiungue. Haikulindi wewe.

Kinachomlinda mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni erthi nzuri, inayoupeleka umeme uliovuja ardhini. Cha pili ni ile swichi ya kinga ambayo mafundi huiita RCD, inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini tukumbuke kwamba hiyo nayo inalinda yaliyo baada yake. Waya wa nguzoni hauguswi na kinga hiyo. Kinga ya waya wa nguzoni ni uzima wake wenyewe.

DALILI ZA KUANGALIA

Tafadhali zunguka nyumba yako leo, mchana, bila kugusa kitu, uangalie yafuatayo:

1. Waya wa kutoka nguzoni umelala juu ya bati, unasugua ukuta au umepita katikati ya matawi.
2. Ganda la waya limepasuka, au pana viungo vilivyofungwa kwa nailoni au utepe uliochakaa.
3. Taa hufifia friji inapoanza kufanya kazi, au hufifia upande mmoja na kuwaka kwa ukali upande mwingine.
4. Pana harufu ya plastiki inayoungua, au sauti ya kukwaruza karibu na mita.
5. Mtu yeyote ametekenywa alipogusa bati, bomba, friji, mlango wa chuma au kamba ya nguo.

Dalili ya tano haitaki kungoja mwani wala mshahara. Waweke watoto mbali, waambie majirani, na toa taarifa kwa Shirika la Umeme siku ile ile.

JINSI YA KUBADILISHA

Kwanza, waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita ni kazi ya Shirika la Umeme peke yake. Usimpandishe kijana wa mtaani nguzoni kwa sababu ni hodari au kwa sababu bei yake ni ndogo. Hawezi kuuzima waya ule, kwa hiyo ataushika ukiwa na moto.

Pili, mweleze ofisa wa Shirika vitu vyote unavyotumia, na vile unavyotarajia kununua. Unene wa waya hupimwa kwa mzigo utakaoubeba. Ukificha friza ili gharama ipungue, unajidanganya mwenyewe.

Tatu, nyaya za ndani ni jukumu la mwenye nyumba, nazo zifanywe na fundi mwenye leseni. Waya mpya wenye nguvu ukiungwa kwenye nyaya za ndani zilizooza, hatari imehamishwa kutoka nje kuja ndani. Kwa kawaida nyaya za taa huwa za milimita za mraba 1.5 na za soketi 2.5. Fundi azipime nyaya kwa kifaa, asiridhike kwa kuona taa imewaka.

Nne, uliza kuhusu rangi. Katika nyaya za zamani nyekundu ni ya moto, nyeusi ni nyutro na kijani ni erthi. Katika nyaya mpya kahawia ni ya moto, buluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni erthi. Nyumba iliyo na rangi za aina zote mbili iandikwe wazi kwenye swichi kuu, ili fundi wa kesho asikosee.

Tano, erthi ipimwe upya. Nyumba nyingine za zamani zilifungwa erthi kwenye bomba la maji la chuma. Bomba hilo likibadilishwa kuwa la plastiki, erthi imekufa na hakuna anayejua, kwa sababu taa zinaendelea kuwaka. Erthi ya nondo nayo huliwa na kutu ya chumvi. Nondo mpya iliyopakwa shaba ipigwe chini kwenye udongo wenye unyevu, kisha ipimwe.

HUDUMA YA KWANZA

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu. Ikiwa bado amenaswa, kama alivyokuwa yule mama, simama juu ya ubao mkavu au plastiki, umtenganishe na waya kwa mti mkavu. Usitumie chuma wala kitu kibichi. Ikiwa ni waya ulioanguka kutoka nguzoni, usisogee hata kidogo. Wazuie watu wakae mbali na uwaite wa Shirika.

Akishatoka kwenye umeme, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, uweke viganja viwili katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukiwa umefundishwa, mpulizie pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30. Usiache mpaka aanze kupumua au msaada ufike. Usimfukie mchangani, wala usimnyweshe maziwa.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Kisha mpeleke hospitali, hata kama anasema yuko salama. Umeme huingia kwa kidonda kidogo na kuunguza misuli ndani. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nyeusi, moyo ukienda mbio, au mgonjwa akiwa mjamzito, asikae nyumbani.

TULICHOKIONA MWISHO

Tangu ajali ile nyumba ya yule mama ilikuwa imekatwa umeme. Walikaa gizani miezi mitano wakitafuta fedha za kurekebisha nyaya za ndani. Siku tuliyofika, mafundi walipofukua erthi ya zamani walikuta kipande cha chuma chenye urefu wa kidole. Sehemu nyingine yote ilikuwa imeliwa na kutu. Iliwekwa mpya, ikapimwa. Waya mpya ulipita juu, mbali na bati, ukaingia mitani kwa bomba la plastiki.

Jioni taa iliwaka. Kijana aliitazama kidogo, kisha akatoka uani. Alikuwa amechimbia miti miwili mbali na nyumba, akafunga kamba ya mnazi kutoka mmoja hadi mwingine. Mama yake aliigusa kwanza kwa ncha ya kidole, akangoja. Halafu akatundika khanga.

Wapenzi wasomaji, msingoje kukamatwa ndipo mwamini kwamba mlitekenywa. Kinga ni bora kuliko tiba. Tukutane tena mwezi ujao.