Rangi Gani Yafaa Kuchorea Watu?

Darasa la sanaa limepewa ukuta wa bwalo tuchore watu wakiwa kazini, na mabishano juu ya rangi hayaishi. Nami natoa rai yangu.

Mwili wa mtu si rangi moja. Shavuni penye mwanga mna wekundu, chini ya kidevu pana buluu kidogo, na rangi hizo huingiana pole pole bila mpaka. Rangi ya kiini cha yai hukauka mara moja, hivyo mchoraji huujenga uso kwa vistari vyembamba, kimoja juu ya kingine. Ni kazi ya subira! Rangi ya mafuta ya kitani hukaa mbichi siku kadhaa, ukachanganya kivuli na mwanga palepale. Kwa uso, hiyo ndiyo ya kwanza, ijapokuwa bei yake hutisha.

Lakini ukutani je? Leonardo da Vinci alipochora Karamu ya Mwisho huko Milano, 1495 hadi 1498, hakutaka kuharakishwa na chokaa mbichi. Alipaka rangi za yai na mafuta juu ya ukuta mkavu. Hazikushika; zilianza kuharibika kabla hajafa mwaka 1519. Matengenezo makubwa yaliyokwisha 1999 yalichukua miaka zaidi ya 20.

Kwa hiyo bwaloni nashauri rangi ya unga na maji juu ya chokaa mbichi, maana chokaa ikikauka huishika rangi ndani yake. Tupige chokaa kipande kidogo kila siku: leo uso, kesho mikono. Mpishi wetu amekwisha kusema yeye achorwe kwanza.